Batoto Bote Bako

Juzi kijana anayenichajia simu sokoni alifungua betri ya gari ili aiongezee maji. Ile harufu ya asidi, kali na chachu, ilinipanda puani nikaegemea ukuta. Akaniuliza, "Mama, uko nagonjwa?" Nikamwambia hapana, aendelee na kazi yake. Hangeweza kujua, kwa sababu alikuwa hajazaliwa. Lakini ninyi wa rika langu, mliokulia Baraka, Nundu, Lweba na vijiji vingine vya kando ya ziwa wakati wa vita, mnaijua harufu hiyo bila kuambiwa. Ni harufu ya fonie.

Kwetu fonie ndiyo iliyokuwa simu. Ilikaa katika kijumba cha udongo nyuma ya soko la Baraka. Juu ya bati lake kulipita waya mrefu uliovutwa kati ya miti miwili ya mikaratusi, na chakula cha kile chombo kilitoka kwenye plake ya kunasa umeme wa jua iliyolazwa juu ya paa, kikashuka hadi kwenye betri ya gari iliyowekwa sakafuni. Mezani palikuwa na sanduku la chuma la rangi ya majivu na kipaza sauti chenye kitufe ubavuni. Ukibonyeza kitufe, unasema na wewe husikii kitu. Ukikiachia, unasikia na wewe huwezi kusema. Mwenye kijumba alikuwa mzee mmoja mwembamba ambaye sisi watoto tulimwita Papa Fonie, na nadhani hata watu wazima walikuwa wamesahau jina lake jingine. Yeye ndiye aliyewafundisha watu kwamba ukimaliza maneno yako lazima useme "à vous," ili yule wa upande wa pili ajue zamu yake imefika. Mimi nilisikia "Avu." Kwa muda mrefu niliamini Avu ni jina la mwanamke anayekaa katikati ya ziwa, na kwamba Mama akisema "Avu" anamwomba huyo mwanamke apokee maneno na kuyapeleka ng'ambo.

Ng'ambo alikuwako Baba.

Baba alikuwa fundi wa kushona. Tulikaa Lweba, na cherehani yake ilikuwa chini ya baraza la nyumba yetu, ikitazama njia. Mara moja moja alivuka ziwa kwenda Kigoma kununua vitambaa, nyuzi na sindano. Safari ile alivuka kama safari nyingine zote, akaacha suruali ya mwalimu mmoja ikiwa imeshonwa mguu mmoja tu. Vita vikaingia nyuma yake. Wanaume waliotoka ng'ambo wakawa wanakamatwa ufukweni, wanaulizwa wametumwa na nani, na wengine hawakuonekana tena. Baba akabaki Kigoma, akapata mahali pa kuweka cherehani ya kukodi sokoni. Sisi tukabaki watatu: Mama, kaka yangu Asende, na mimi.

Asende alikuwa ananizidi umri kidogo tu, lakini alijua kupiga mluzi na mimi sikujua, na kwa sababu hiyo nilimwona mtu mzima. Yeye ndiye kifungua mimba, kwa hiyo Mama aliitwa Mama Asende na kila mtu, kanisani, mtoni, sokoni. Nakumbuka kwamba jambo hilo liliniuma. Nilimuuliza siku moja kwa nini haitwi Mama Neema, na yeye akacheka akasema, "Ngoja kwanza kaka yako achoke nalo."

Siku askari walipofika Lweba, tulipanda milimani pamoja na watu wa kanisa letu, kwa njia zinazoelekea Fizi. Sikumbuki milio mingi ya bunduki. Nakumbuka magodoro vichwani mwa watu, na kuku aliyefungwa miguu akining'inia mgongoni kwa mama mmoja mbele yangu, kichwa chini, akinitazama njia nzima. Tukalala katika mashamba ya mihogo ya watu tusiowajua. Tulikula mihogo ile mibichi na tukanywa maji ya kijito ambacho kila mtu alikuwa anakitumia kwa kila kitu. Asende akaanza kuhara. Kisha na mimi nikaanza. Kutoka hapo kumbukumbu zangu ni vipande: majani ya mgomba juu ya uso wangu, kijiko cha maji ya chumvi na sukari, mtu ananibeba mgongoni na mgongo wenyewe si wa Mama.

Nilipoamka vizuri, mwili wangu ulikuwa mwepesi kama ganda la karanga. Mama alikuwa ameketi chini, miguu ameinyosha mbele, mikono juu ya mapaja, viganja vimetazama juu. Akina mama wa kanisa walikuwa wamemzunguka wakiimba kwa sauti ya chini sana, kwa kuwa tuliogopa kusikika. Nikauliza, "Asende iko wapi?"

Mmoja wao, yule mwenye kuku, aliniinamia akanishika shavu. "Asende amekwenda kwa Baba," akasema.

Nilifikiri kidogo. Nikauliza, "Na mimi? Nitaenda siku gani?"

Alinipiga kofi la mdomo papo hapo. Halikuwa kofi kubwa. "Usirudilie kusema vile!" alisema, na machozi yakamtoka, nami sikuelewa kwa nini anilize halafu alie yeye. Nilijua jambo moja tu: wakati nilipokuwa nimelala, kaka yangu alipelekwa Kigoma kwa Baba, na mimi nikaachwa kwa sababu ni msichana.

Ninyi mnaosoma mtasema mtoto wa umri ule anajua kifo. Nilikijua. Nilikuwa nimeona maiti njiani. Lakini waliokufa walikuwa wale niliowaona wamelala. Asende sikumwona amelala. Niliambiwa amekwenda kwa Baba, na Baba nilikuwa naye mmoja, na yuko Kigoma. Kule kanisani walikosema Baba aliye mbinguni, mimi nilidhani huyo ni Baba wa mchungaji.

Tuliposhuka, hatukurudi Lweba. Nyumba yetu ilikuwa imebaki kuta. Tukakaa Baraka katika chumba kimoja cha watu wa ukoo wa Mama. Mama alifanya kila kitu alichokuwa akifanya zamani. Alitwanga sombe ya majani ya mihogo, aliloweka mihogo, aliuza ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, kwa mafungu sokoni. Mikono yake ilifanya kazi na yeye hakuwa pale. Ukimwita aligeuka baadaye kidogo, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Hakulia. Hakuimba pia. Na watu wote, bila kukubaliana mbele yangu, waliacha kumwita Mama Asende. Sasa alikuwa Mama Neema. Nilikipokea cheo hicho kama kiti ambacho mwenyewe amehama. Asende amekwenda kwa Baba; mimi nimebaki na Mama; basi jina la Mama ni langu. Nilitembea sokoni kichwa juu kila alipoitwa.

Hapo ndipo fonie ilipoingia maishani mwetu. Baba alikuwa amepata mtu mwenye fonie upande wake. Ujumbe ulikuja kwamba siku fulani, baada ya adhuhuri, Mama aketi Baraka kwenye fonie. Tukaenda. Kulikuwa na benchi na watu wengi wamebanana. Sanduku lilinguruma kama mvua juu ya bati, kisha ndani ya mvua hiyo ikatoka sauti nyembamba, yenye pua, ambayo niliambiwa ni Baba.

"Mama Neema, Mama Neema, unanipata? Avu."

Na Baba pia alisema Mama Neema! Nilibaki kinywa wazi. Nilijua sasa mambo yamekwisha, hata Baba amekubali. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba yeye alikuwa na sababu yake. Kwenye fonie njia ya hewa ni moja. Kila mwenye sanduku, Uvira, Kigoma, kambini kwa askari, porini, akilifungua saa ileile anasikia maneno yote. Na wakati ule hakuna mzazi aliyethubutu kutaja hewani jina la mtoto wake wa kiume, kwa maana wenye bunduki wa kila upande walikuwa wanatafuta wavulana. Kwa hiyo mke wake alikuwa Mama Neema kwa sababu ya hofu, na kwa majirani alikuwa Mama Neema kwa sababu nyingine, na mimi peke yangu nilidhani ni kwa ajili yangu.

"Nakupata," Mama alisema. "Tuko. Avu."

"Batoto bako?" Yaani, watoto wapo? "Avu."

Mama alikuwa ameshika kitufe. Nakumbuka kidole gumba chake kilivyokuwa cheupe kwenye ukucha. Papa Fonie alimtazama. Benchi nzima ilimtazama. Wengi wao walikuwa pamoja nasi kule kwenye mihogo.

"Batoto bako," Mama akasema. "Batoto bote bako. Avu."

Watu wa benchi wakatazama miguu yao. Na kwangu mimi jibu hilo lilikuwa sawa kabisa. Mmoja hapa, mmoja pale, tuko wote.

Ikawa desturi. Kila baada ya muda Baba aliita, na kila mara aliuliza lilelile, kama wote wapo na wanakua, "Batoto bote bako? Banakomea?" na Mama alijibu, "Bote bako. Banakomea muzuri." Nilikaa kwenye benchi ile na kuwasikia watu wengine nikisubiri zamu yetu, na nadhani hapo ndipo nilipojifunza namna watu wa kwetu walivyopita katika miaka ile. Kila mtu, akiulizwa habari ya mtu au kitu chake, alisema iko. Siku moja alikuja mama mmoja wa kutoka milimani, wa wale wafugaji wanaosema Kinyarwanda, ambao vita vilikuwa vimewafanya adui zetu. Watu walijisogeza benchini, si kwa ajili ya kumpa nafasi. Papa Fonie alimpa kipaza sauti kama alivyompa kila mtu. Mwanawe alimuuliza habari za ng'ombe. "Bako, bote bako," yule mama alijibu, na benchi nzima ilijua kwamba ng'ombe wake walikwisha kuchukuliwa, hata baadhi yetu tulikuwa tumeonja nyama. Alipotoka alipita mbele ya Mama. Wakatazamana. Hawakusalimiana, lakini Mama alivuta miguu yake ndani ili yule mwenzake apite.

Mimi nilikuwa nimemkasirikia Asende. Nilimpangia maisha mazuri sana huko Kigoma: anakula mkate, ana viatu, anakaa chini ya meza ya cherehani akiokota vipande vya vitambaa vyekundu. Wala hata siku moja hakuja kwenye fonie kunisalimia. Siku moja, Mama akitwanga, nilimwambia, "Na mi nataka kwenda kwa Baba. Asende amekaa kule sana." Mchi ulisimama juu. Ukakaa juu muda ambao nilianza kuogopa. Kisha ukashuka, ukaendelea. "Kula muhogo yako," Mama alisema.

Kwa kuwa Mama hakuzungumza, nilianza kwenda kwa Papa Fonie saa ambazo hakuna watu. Yeye alipenda kusema, labda kwa sababu siku nzima alipitisha maneno ya wengine. Ujanani alikuwa karani wa posta kule Fizi, juu mlimani kwenye maofisi, enzi nguzo za simu ziliposhuka kutoka Fizi mpaka ziwani.

"Wakati ule sauti ilikuwa na barabara yake," aliniambia. "Waya. Kila mwenye simu alikuwa na tundu yake kwa ubao yangu. Akizungusha mukono ya simu kule kwake, kwangu kifuniko inaanguka, tak! Naingiza kamba kwa tundu yake, nauliza, 'Unataka nani?' Ananiambia. Naingiza kamba ingine kwa tundu ya ule mwenzake. Nawaunga. Banaongea bawili tu."

"Na we haukuwa nasikia?"

"Nilikuwa nasikia kama nikitaka," alisema, akacheka. "Karani muzuri anawaunga na anatoa sikio yake."

"Waya ilienda wapi?"

"Bantu balikata. Vita ya kwanza, vita ya pili. Bengine balifungia miti ya nyumba. Bengine balitega panya. Bamama balifanya bikomo." Akanionyesha mkono mtupu, kama kwamba alikuwa amevaa bangili. "Sasa sauti haina barabara. Inaruka tu mu hewa, kila mutu anaokota."

Nilimuuliza kama anaweza kuita Kigoma wampe Asende kipaza sauti. Papa Fonie alifuta sanduku lake kwa kitambaa, pande zote, hata nyuma ambako hapakuwa na vumbi. Alisema fonie si ya watoto. Alijua. Yeye ndiye aliyesikia kila "bote bako" ikipita mikononi mwake, na hakusema kitu kwa Mama, wala kwa Baba, wala kwangu.

Miaka ikapita hivyo. Wenye bunduki walibadilishana, wengine wakaondoka, wengine wakaja, na redio zikasema vita vimekwisha, ingawa kule kwetu tuliendelea kulala na nguo. Kisha wakaja vijana wenye kofia za plastiki wakasimamisha mnara wa chuma juu ya Baraka. Papa Fonie alikwenda kuutazama kila asubuhi na mimi nilimfuata. Aliniambia kwamba kila simu ya mkononi ni fonie ndogo, lakini haiitani na dunia nzima. Inaita mnara tu. Mnara unaishika sauti, unaitafutia mnara mwingine, na ule mwingine unamtafuta mtu mmoja kati ya watu wote, na kumpa yeye peke yake. "Ni ubao yangu ya Fizi," alisema, "lakini karani hayiko." Na mnaweza kusema wote wawili kwa pamoja, alisema, hakuna zamu. Hilo sikuliamini.

Wateja wa fonie walipungua. Papa Fonie naye akanunua simu, akaiweka juu ya meza ileile, na betri ileile ikawa ya kuichajia. Ujumbe ukapelekwa Kigoma: namba ni hii. Siku Baba alipopiga, alasiri, mtoto wa jirani alikuja mbio kutuita. Mama alikuwa na mikono ya mawese. Aliipangusa kwenye kitenge akaenda, nami nyuma.

Papa Fonie alimpa Mama ile simu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitoka nje. Nilimwona mlangoni, amesimama juani, mikono yake haijui ikae wapi.

Mama aliiweka simu sikioni kwa woga, mbali kidogo na ngozi, na kwa kuwa aliiweka mbali nilisikia. Mvua ile ya siku zote haikuwapo. Sauti ya Baba ilitoka safi, nene, na ilikuwa ni sauti ya mtu.

"Mama Asende," alisema.

Mama aligeuka akatazama mlangoni.

"Mama Asende, ni mimi. Hapa hakuna mwenye anasikia. Tuko siye bawili tu. Sema."

"Tuko," alisema Mama. Kidole chake gumba kilikuwa kinatafuta kitufe ubavuni mwa simu. Hakuna kitufe.

"Nipe Asende. Nataka nisikie sauti yake. Atakuwa ameanza kuwa na sauti ya mwanaume sasa. Mupe simu."

Mama alitazama ukuta. Baba aliita tena, "Allô? Allô?" Ndipo Mama aliposhusha mkono na kunipa mimi simu, kama mtu anayempa mwenzake chombo kilichojaa.

"Baba," nilisema.

"Asende?"

"Ni mimi Neema."

"Neema!" Akacheka. "Mutoto yangu. Umekuwa mukubwa. Kaka yako iko wapi? Mwite."

Na mimi nilikuwa na hasira ya miaka yote ile, ikanipanda. Nikasema, "Asende iko kwako."

"Unasema nini?"

"Iko kwako. Bamama ya kanisa balisema amekwenda kwa Baba. Mimi mukaniacha."

Kwenye fonie, mtu akinyamaza husikii kitu ila mvua. Hapa nilisikia. Nilisikia soko la Kigoma, mtu anatangaza bei ya vitunguu, kengele ya baiskeli, cherehani ya mwingine ikikimbia na kusimama. Na karibu kabisa, ndani ya sikio langu, nilimsikia Baba hasemi. Nilimsikia akivuta pumzi, pumzi ikakwama, akavuta nyingine. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu akinyamaza kutoka mbali hivyo.

"Mupe mama yako," alisema mwishoni.

Mama aliichukua. Alisimama wima, akaibana sikioni safari hii, na akasema kama alivyosema siku zote, kwa sauti ya juu, bila kupanda wala kushuka. "Ilikuwa kuhara. Tulikuwa kule juu, tunakimbia. Haikukawia. Tulimuzika mu shamba ya mihogo ya bantu. Balimuvika shati ya buluu ile ulishona. Nilikosa fasi ya kukuambia. Kwa fonie bantu bote banasikia." Huku akisema, sauti ya Baba ilikuwa inatoka ndani ya simu kwa wakati uleule, nyembamba, inapanda, si maneno. Mama hakuisikia, au hakujua kwamba inaweza kutoka kabla ya zamu yake. Alipomaliza alisema, "Avu," akasubiri.

Nilielewa hapo, nimesimama kando ya betri. Sikulia. Nilitazama chumvi nyeupe iliyoota kwenye kichwa cha betri, na nikafikiri kwamba sijala tangu asubuhi. Hivyo tu. Nimejiuliza mara nyingi baadaye uchungu ulikuwa wapi saa ile. Nadhani ulikuwa umekaa ndani ya nyumba yetu muda mrefu, tunauruka kila siku tukienda kuchota maji, hata nilipotajiwa jina lake haukuwa mgeni.

Baba alivuka wiki chache baadaye kwa boti la mota. Sikumtambua. Alikuwa na mvi, na ule utepe wake wa kupimia ulikuwa shingoni kama zamani, nadhani hakukumbuka kuuvua. Watu wa ukoo walikuja, kilio kikakaliwa baada ya miaka yote hiyo. Baba alilia kama wanaume wa kwetu wasivyolia. Mama alipika. Aliwahudumia watu, aliosha sahani, na nilisikia wanawake wakinong'ona kwamba moyo wake ni jiwe.

Kisha wakapanda milimani wote wawili, wakanichukua. Mwenye shamba alikuwa amerudi kwake. Alikuwa amelilima lote na kupanda upya, mihogo imesimama kwa mistari, imara, majani yamepanuka. Mama alitembea katikati ya mistari, akasimama, akasogea, akasimama tena.

"Ni hapa," alisema. "Ao ni pale."

Baba alivua kofia. Hakuuliza ni wapi kati ya hapo pawili. Yule mwenye shamba alitutazama kutoka mbali, jembe begani, na tulipoondoka alitupa mihogo ya kubeba, na Mama akaipokea.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa chumbani, mlango wazi, mimi nakula kiporo cha bukari, ugali wetu wa mihogo. Baba alimuuliza Mama, bila ukali, "Juu ya nini hukuniambia? Ungetuma mutu."

Mama alikuwa anachambua ndagala. "Kule kwako alikuwa angali muzima," alisema. "Nikaona abakie muzima ata fasi moya."

Baba akavuta mfuko aliokuja nao kutoka Kigoma, ambao hakuwa ameufungua mbele za watu. Akatoa suruali, akaitandika mkekani. Akatoa nyingine, ndefu kuliko ya kwanza. Na nyingine. Alikuwa ameshona moja kila mwaka, kwa kukisia, akingoja siku ya kuvuka. Zilikuwa na pindo pana chini, za kushushia mtoto anaporefuka. "Sikujua nizitupe wapi," alisema.

Mama aliacha ndagala. Alifuta mikono, akaishika ile ndefu kuliko zote, akainyanyua, akaitazama kiunoni, akaitazama miguuni. Nilidhani atalia sasa.

"Hii ni mufupi," alisema.

"Mufupi namna gani?"

"Ingekuwa mufupi. Alifuata bajomba yake. We hukumuona ule mwaka wa mwisho, alikuwa anarefuka kila wiki."

"Nimepima na batoto ya rika yake, ku Kigoma. Nimezidisha ata kidogo."

"Batoto ya Kigoma ni bafupi."

"Mama Asende, mi ni fundi!"

"Na mi ni mama yake!"

Baba alisimama, akaenda mlangoni, akaweka kiganja kwenye mwimo, usawa wa kifua chake. "Hapa," alisema. "Leo angekuwa hapa." Mama alimfuata na suruali begani. Alimshika mkono, akaupandisha mpaka usawa wa bega. Baba akaushusha kidogo. Mama akaupandisha tena, sasa analia, kwa sauti, kamasi zinamtoka, na huku analia anasema hapana, hapana, juu zaidi, na hakuuachia ule mkono.